Mchi wa Mama na Mafuta ya Baba

Kijijini kwetu, ukiishiwa mafuta ya taa, ulikuwa unaambiwa uende kwa baba yangu. Hakuwa na duka. Hakuwa hata na kibatari cha akiba. Walikuwa wanamcheka tu, na kicheko hicho nilikikuta siku nilipozaliwa, nikakua nacho, nikaenda nacho shule.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Baba akiwa kijana, hajaoa bado, walikuja wazungu na mashine ya kuchoronga, wakapiga kambi bondeni, ng'ambo ya kijito cha Migato. Walikuwa wanatafuta mafuta. Baba akapata kibarua. Kazi yake ilikuwa kupokea mawe yaliyotoka ndani ya bomba, mawe ya mviringo, marefu, yaliyolainika kama yamepigwa msasa. Aliyafuta tope, akayapanga kwenye masanduku ya mbao, kila jiwe likiandikwa kwa rangi nyeupe namba ya kina lilikotoka. Siku moja likatoka jiwe la rangi ya kahawia. Baba akalinusa. Lilinuka kibatari. Mzungu naye akalinusa, akapiga kelele, akawapa mikono vibarua wote mpaka mpishi. Wiki chache baadaye wakaziba shimo kwa saruji na kuondoka. Yule mkubwa wao alimwachia baba neno moja la Kiswahili huku akielekeza kidole kwenye bomba: "Linda." Hakurudi.

Baba akawaambia watu, "Mafuta yapo. Nimeyanusa kwa pua yangu hii." Akasema mwaka ule, akasema uliofuata, akaendelea mpaka watu wakaifanya burudani. Kwenye harusi mshereheshaji akikosa la kusema, alimwita baba asimame. Bingwa wa mchezo huo alikuwa jirani yetu, mwenye shamba la pamba linalopakana na letu. Asubuhi alisimamisha baiskeli mlangoni na kupaza sauti kwa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka! Nijazie tangi!" Shuleni mimi niliitwa Binti Petroli. Nilipigana na watu wanne kwa ajili ya jina hilo, nikashinda mara moja.

Nikakua, nikasomea miamba. Watu wanapenda kusikia kwamba nilisoma ili nimtetee baba, na kwenye usaili wa kazi nimewahi kusema hivyo, kwa sauti ya huzuni kidogo. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba nilipomaliza mwaka wa kwanza wa chuo nilikuwa nimeshamhukumu. Mashine ilitumia dizeli, mikono ya vibarua ilikuwa na dizeli, jiwe likanuka dizeli. Nilimwonea huruma, na ile huruma ilikuwa mbaya kuliko kicheko cha jirani.

Sasa miaka hii utafutaji umerudi kwetu. Kampuni moja ilipewa eneo lile lile la zamani, ikafungua ofisi Bariadi, nami nikaajiriwa kuwa fundi wa sampuli. Bosi wangu alikuwa mjiolojia mwanamke, Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, mwenye ushungi uliopigwa pasi hata porini. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Wewe Msukuma, umevaa viatu mwenyewe au umevalishwa?" Nikajua nimempata mtani. Wazaramo na Wasukuma wametaniana tangu zamani za misafara, na mtani hakosewi adabu kwa kutukana. Hukosewa adabu kwa kununa.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kulifufua shimo la zamani, angalau kwenye karatasi. Ripoti ya wazungu tulikuwa nayo, ila kurasa za mwisho hazikuwepo, na masanduku ya mawe ya sehemu ya chini kabisa hayakuwahi kufika ghala lolote. Ofisi kuu ilitupa wiki mbili. Tukipata dalili ya mafuta, shimo lingefunguliwa na kuchorongwa upya. Tusipopata, lingepigwa msalaba kwenye ramani na mitambo ingepelekwa kwingine. Bosi alisema "msalaba" kama kitu cha kawaida. Mimi nilimwona baba yangu, mzee wa magoti mabovu, akiandikwa rasmi kuwa mwongo, na aliyeshika karatasi za kumwandika ni mimi.

Niseme na hili, maana ndilo lililonikaa kooni muda wote. Kwenye fomu ya eneo kulikuwa na mstari: "Taarifa za wenyeji kuhusu dalili za mafuta." Niliijaza nikiwa Bariadi, nikinywa soda, kabla hata hatujafunga safari. Niliandika: Hakuna.

Tulifika kijijini na GPS, nikaingiza namba za ramani ya zamani, tukafuata mshale mpaka katikati ya shamba la pamba la jirani. Hapakuwa na bomba. Tulizunguka, tukafyeka kando, tukachimbua vishimo kadhaa. Jirani alikuja na kigoda, akakaa, akawa anatazama kama yuko uwanjani. "Mnatafuta tangi la baba yako?" akaniuliza. "Angalieni mizizi, huenda amelifukia." Nilitamani kumrushia jembe.

Saa sita baba akaja na baiskeli yake, akasimama na mkono kiunoni.

"Ng'wanone, mwanangu, mnafanya nini kwenye pamba za watu?"

"Kompyuta inasema ni hapa, baba."

"Mimi nilikuambia ni kwenye ngitili."

Kweli alikuwa ameniambia, kwenye simu, mara mbili. Ngitili ni malisho yanayofungwa ili majani yakue, yaje yaokoe ng'ombe kiangazi. Kila mwenye ngitili huifungua mifugo ikikonda. Ya baba haikuwahi kufunguliwa yote. Kona moja aliizungushia miiba miaka nenda rudi, pakaota msitu, na watu walimwona mchoyo wa nyasi. Ugomvi wa kona ile niliukuta, na mama alikuwa ameshauchoka.

Bosi akachukua GPS mkononi mwangu, akabonyeza, akaniangalia. "Mtani, umegeuza vipimo?" Sikuwa nimegeuza. Ramani za zamani zilipimwa kwa kanuni nyingine. Ukizichukua namba zake zilivyo, unaangukia kando hatua kama mia tatu. Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mwaka wa kwanza nililipata vizuri sana somo hilo. Bosi alicheka mpaka ushungi ukakaa upande. Baba alikuwa ameshaanza kutembea.

Tulipasua miiba ya ile kona kwa mapanga, maana kijia cha baba kilikuwa chembamba mno kwa vifaa vyetu. Ndani, kati ya mikoma na migunga, bomba lilisimama kimo cha kiuno, na saruji mdomoni. Halikuwa na kutu nyingi. Pembeni yake palifagiliwa. Ufagio wenyewe, wa vijiti, ulikuwa umeegemezwa kwenye mti.

"Aliniambia nilinde," baba akasema, akiwa ameaibika kidogo, kana kwamba tumemkuta anaoga.

Nilisimama pale nikamtazama mtu aliyefagia bomba la watu kwa umri wangu wote na zaidi, nikataka kulia, nikamuuliza kama amekunywa dawa zake za magoti.

Lakini bomba ni bomba. Saruji haisemi kilichoko chini. Tulihitaji mawe ya yale masanduku yaliyopotea, na hapo ndipo mama alipocheka jikoni. "Masanduku ni mabanda ya kuku," akasema. "Mawe si ndiyo haya tunayotwangia?"

Wazungu walipoondoka waliacha masanduku chini ya turubai. Turubai ikachukuliwa kwanza. Kisha mbao. Kisha wanawake wakayaona yale mawe ya mviringo, mazito, yanayojaa kiganjani, na hakuna mto wowote wa kwetu utakaokupa jiwe la namna ile. Yakagawanywa. Kijiji kizima kilitwangia sayansi: chumvi, karanga, pilipili, majani ya kunde makavu tunayoyaita nsansa. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa mboga zilizopondwa na sampuli, na nikaenda chuo kulipa ada ili nionyeshwe jiwe kama lile ndani ya kabati la kioo.

Siku tatu tulipita nyumba kwa nyumba. Bosi aliagiza kutoka sokoni Bariadi vinu na michi mipya ya mbao, mama wa nyumba akitoa jiwe anapewa kinu. Zilikuwa siku za raha sijapata kuona. Kila jiko lilitukalisha. Tulikula matobolwa mpaka bosi akaomba poo, maana viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa havimwachi mgeni hivi hivi. "Nyie watu mnakula ubao," akalalamika, akaongeza kingine. Kikongwe mmoja alikataa kinu, akataka apigwe picha na jiwe lake kabla halijaondoka, wakiwa wameshikana.

Mawe tulipata thelathini na kitu. Namba hazikuwepo. Rangi yote ilikuwa imekwenda kwa kusuguliwa na majivu, na jiwe lisilo na namba ya kina ni jiwe tu. Siku zikabaki nne. Nikaanza kumkwepa baba.

Lilibaki moja, la mama.

Mchi wa mama ulikuwa na kitu ambacho michi mingine haikuwa nacho. Katikati, mahali pa kushika, aliuvisha ngozi ya ndama mbichi miaka mingi iliyopita, ikakauka na kubana, ili mkono usiteleze. Tangu hapo ngozi haikuwahi kutoka. Nilipomweleza bosi, aliacha kutafuna. Kama kulikuwa na namba, ilikuwa chini ya ngozi ile.

"Haliendi popote," mama akasema.

Nikamwahidi kinu, akakataa. Nikamwahidi vinu viwili na sufuria.

"Nililetewa na mume wangu siku nilipoingia nyumba hii. Watu walimcheka wakasema mwenzake anahonga khanga, yeye amehonga jiwe. Nikalishika mbele yao nikatwanga. Leo nilitoe mlivunje kwa nyundo?"

"Mayu, mama yangu, bila kulivunja baba ataandikwa mwongo."

"Mimi nimeishi naye. Sihitaji nyundo."

Baba alikuwa mlangoni. Akasema niachane na mama yangu, na jiwe likae. Alilisema kwa upole, na nilijua anajua gharama yake. Mimi si mtu wa subira. Nilitoka nje nikaupiga teke ukuta wa banda la kuku, ambao nao ulikuwa sanduku la sampuli, nikaumia kidole.

Bosi hakutoka. Alikaa kwenye kigoda, akamsifia mama karanga, akamwuliza kwa nini Wasukuma wanasalimiana kwa urefu kana kwamba wameitwa mahakamani. Mama akamjibu kwamba Wazaramo hawana muda wa salamu kwa sababu kila siku wako ngomani. Wakaendelea hivyo, wanapigana kwa maneno, mama anafuta machozi ya kicheko. Kisha bosi akasimama, akajinyoosha, akalichukua jiwe kwenye kinu, akalitia ndani ya mkoba wake na kutoka mbio, yeye na ushungi wake, kuelekea kwenye gari.

"Nimekuteka mchi, mtani!" akapiga kelele. "Ukiutaka uje uukomboe!"

Mama alitoka na mwiko. Alimfukuza mpaka kwenye mkwaju, akaishiwa pumzi, akakaa chini palepale, akicheka huku amejishika mbavu. Mtani akikuchukulia kitu humshtaki wala humnunii. Mila ndivyo ilivyo, na mama yangu ni mtu wa mila kuliko mchungaji wake wa kanisani anavyopenda. Alichoweza kufanya ni kumpiga faini, na alimpiga pale pale: atwange karanga za debe zima, kwa mchi wa mbao, mpaka mwisho.

Mama hakuwa na namna ya kulitoa jiwe lile kwa mkono wake. Nadhani tangu asubuhi alikuwa anatafuta mtu wa kumwibia.

Tulilipasua kesho yake uani kwetu, na kijiji kilikuja. Jirani alileta kigoda chake. Nilikata ngozi kwa wembe taratibu, ikabanduka, na chini yake rangi nyeupe ilikuwa nzima, namba zote. Nikalinganisha na orodha ya masanduku iliyokuwa kwenye ripoti. Ni sanduku la mwisho kabisa.

Bosi alibandua kigamba cha juu, akakiweka kwenye kisahani, akadondosha dawa ya kuyeyushia mafuta. Ili uone kama kuna mafuta unamulika kwa taa ya zambarau, gizani, na jua lilikuwa la saa saba. Mama akaleta blanketi lake zito. Tukajifunika mimi na bosi, tukatoka jasho kama tuko kwenye chungu. Kigamba kiling'aa buluu hafifu.

Nikapiga kelele. Bosi akanibana mdomo.

"Tulia. Hizi ni karanga."

Alikuwa sahihi. Mafuta ya karanga nayo hung'aa hivyo, na jiwe lile lilikuwa limekunywa karanga tangu mama alipoolewa. Nikatoka kwenye blanketi. Baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kofia mkononi, hajaniuliza kitu. Jirani ndiye aliyeuliza. "Vipi, tangi limejaa?" Watu wakacheka, ila si sana.

"Lipasue katikati," bosi akaniambia. "Ndani kabisa, ambako mama yako hajafika."

Nikalilaza juu ya chuma, nikamwangalia mama. Akaangalia pembeni, akasema, "Piga." Nikapiga mara tatu. Pigo la tatu likalipasua pande mbili kubwa, na ndani jiwe lilikuwa na rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea.

Harufu haikungoja dawa. Ilitoka yenyewe, ndogo, ikapanda. Nimenusa mafuta maabara, nimenusa visimani kwa watu. Sijawahi kunusa kitu kilichonifanya nijione mpumbavu na mwenye furaha kwa wakati mmoja. Kilinuka kibatari. Hakuna dizeli ya mashine inayoweza kujificha katikati ya jiwe gumu kiasi kile.

Nikampelekea baba kipande. Alikishika kwa mikono miwili, akakinusa, akafumba macho. "Ndiyo hiyo," akasema. "Ni yenyewe."

Baada ya hapo kila mtu alitaka kuingia kwenye blanketi. Tuliweka kigamba cha ndani chini ya taa, nacho kikang'aa manjano ya maziwa, na dawa ikautiririsha mng'ao huo pembeni kama uzi. Waliingia wawili wawili, wakitoka nywele zimesimama na macho yamepanuka. Jirani aliingia peke yake. Alikaa humo muda mrefu, tukaona blanketi linapumua. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa baba, akasimama mbele yake. Alikuwa amemcheka mtu huyu tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

"Mwangaluka," akasema, ingawa ilikuwa mchana mkubwa.

"Mwangaluka," baba akajibu.

"Nijazie tangi."

Baba akacheka. Alicheka mpaka meno yake machache yote yakaonekana, na jirani akamshika bega, wakawa wanayumba pamoja kama walevi. Sijui kama mtu anaweza kuomba radhi vizuri zaidi ya pale.

Ofisi ilikubali. Shimo litafunguliwa na kuchorongwa upya. Kama mafuta ni mengi au ni ya kujaza vibatari vitatu, sijui, na sidanganyi mtu. Mama alirudishiwa nusu ya jiwe baada ya vipimo, akaivisha ngozi mpya, analalamika kwamba ni fupi. Mtani wake alilipa faini yote, viganja vikatoka malengelenge.

Nilirudi nyumbani na ripoti ili nimsomee baba. Imeandikwa Kiingereza, nikawa namgeuzia. Kuna mahali inasema kwamba kibarua aliyekuwepo wakati wa uchorongaji wa kwanza alieleza kuwepo kwa mafuta, na maelezo yake yamethibitika. Akataka nirudie. Nikarudia. Kisha akachukua makaratasi, akayafunua mwenyewe, akafika kwenye ile fomu, mstari wa wenyeji, ambapo nilikuwa nimekata neno na kuandika maelezo yake juu yake.

"Hapa ulipofuta palikuwa pameandikwa nini?"

Ningeweza kumdanganya. Hasomi bila miwani, na miwani ilikuwa ndani.

"Niliandika hakuna, baba. Kabla sijakuuliza."

Kuku mmoja akatoka kwenye sanduku, akapita kati yetu.

"Wenzako walinikataa kwa mdomo," akasema. "Wewe ulinikataa kwa kalamu."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Na faini?"

"Sema wewe."

Akasimama kwa kushika ukuta, magoti yakilia, akanipa fimbo yake ya kuchungia. Ulinzi umekwisha, akasema, miiba itoke, ile kona ifunguliwe kwa ng'ombe wa kijiji kizima, wa jirani watangulie. Na mchungaji wa siku hiyo atakuwa mimi, msomi, na kitambulisho cha kampuni shingoni.

Nikaswaga ng'ombe mpaka jua likazama. Majani ya kona ile yalinifika kiunoni. Baba alikaa juu ya bomba akila karanga, akiwaambia wote waliopita, "Yule pale, anayefukuza ndama, ni binti yangu. Ndiye aliyeyathibitisha."